Mmea na Mnyama Chini ya Jina Moja: Mwongozo Kamili wa Kutenganisha Majina Pacha ya Kisayansi katika Orodha ya Spishi

Kosa hili limejirudia kiasi kwamba linastahili mwongozo wake. Mtu huandaa orodha ya spishi kwa uangalifu, huipitisha kwenye programu ya kuondoa marudio, kisha hukuta konokono wa baharini amewekwa katika familia ya mtini, au ndege amepewa picha ya mmea wa majimaji. Hajakosea tahajia wala hajachagua jina lisilotambulika. Amekosea kuamini kwamba jina la kisayansi la maneno mawili humtaja kiumbe mmoja tu duniani.

Jina hilo ni la kipekee ndani ya kanuni moja tu. Wanyama hupewa majina kwa kufuata Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama. Mwani, kuvu na mimea vina kanuni zao, na bakteria wana zao pia. Kanuni za wanyama na za mimea zinajitegemea, kwa hiyo jina lililokwisha kutolewa kwa mmea halimzuii mtaalamu wa wanyama kulitumia. Kanuni za wanyama humshauri asifanye hivyo, lakini huo ni ushauri, si sharti. Katika mwongozo huu majina ya namna hiyo nitayaita majina pacha.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Orodha yako ya spishi katika lahajedwali, pamoja na nakala moja ambayo haitaguswa kabisa.
- Chanzo cha kila jina: lebo ya kielelezo, daftari la uwandani, makala au kitabu ulikolitoa.
- Intaneti ya kukufikisha kwenye hifadhidata za majina: GBIF na IRMNG kwa viumbe wote, POWO kwa mimea yenye mishipa, Index Fungorum kwa kuvu, na WoRMS kwa viumbe wa baharini.
- Taarifa za ziada za kila rekodi: mahali, kina au mwinuko, njia ya kukusanya, na vipimo kama vipo.

Kitu cha pili ndicho watu hukipuuza, na ndicho kitakachokuokoa. Bila chanzo, baadhi ya majina hayawezi kuamuliwa kwa njia yoyote ya haki.

## Hatua ya 1: Funga nakala asili na usiondoe marudio

Hifadhi faili la awali mahali pengine, kisha ufanye kazi kwenye nakala. Iwapo programu yako ina kitufe cha kuondoa mistari inayofanana, usikiguse hadi utakapomaliza hatua ya sita.

Sababu ni kwamba programu hulinganisha herufi, haijui maana yake. *Ficus variegata* ikionekana mara mbili, programu huona rudufu na kufuta mstari mmoja, ilhali mmoja ulikuwa mti na mwingine konokono. Mstari uliofutwa hivyo hauachi alama, na niliwahi kutafuta kwa siku kadhaa rekodi za wanyama ambazo nilikuwa nimezifuta mwenyewe kwa namna hiyo.

Dalili ya mafanikio: idadi ya mistari katika nakala ya kazi ni sawa na ya faili la awali.

## Hatua ya 2: Ongeza safu zinazokosekana

Orodha nyingi zina safu moja iliyoandikwa «jina la kisayansi». Ongeza tano: mwandishi wa jina (mtu aliyelitoa), familia, himaya (kundi kuu, kama wanyama, mimea au kuvu), kanuni inayotawala jina hilo, na utambulisho wa hifadhidata (namba ya jina hilo humo).

Himaya na kanuni zinaonekana kama kitu kimoja, nazo si kitu kimoja. Kuvu hawamo katika himaya ya mimea, lakini majina yao hutawaliwa na kanuni zile zile za mimea. Mwani wa kahawia vivyo hivyo. Ukiweka safu moja tu ya «mmea au mnyama», kuvu watakosa mahali, na mtu atakayekuja baada yako atawalazimisha upande mmoja.

Usijaze safu hizi kwa kukisia. Acha tupu kila usipokuwa na uhakika, kwa sababu nafasi tupu hukukumbusha kwamba kazi haijaisha, wakati jibu la kukisia hujificha ndani ya orodha likiwa na sura ya ukweli.

## Hatua ya 3: Tambua jenasi zilizo hatarini

Huhitaji kuchunguza kila jina kwa undani. Toa orodha ya jenasi peke yake, yaani neno la kwanza la kila jina, kisha uzitafute moja moja katika IRMNG, ambayo ni sajili ya jenasi za himaya zote, zilizo hai na zilizotoweka. Jenasi ikirudi zaidi ya mara moja, ikiwa na waandishi tofauti na familia za himaya tofauti, ipake rangi katika lahajedwali lako.

Utashangaa jinsi jenasi hizi zilivyo za kawaida. *Morus* ni mforsadi, na pia ni ndege wakubwa wa baharini wanaojitupa majini kuvua samaki. *Ricinus* ni mbarika, na pia ni chawa wa ndege. *Hystrix* ni nungunungu, na limewahi kutumika kwa nyasi. *Iris* ni ua la bustanini na pia ni vunjajungu. *Erica* ni kichaka na buibui arukaye. *Pieris* ni kichaka na kipepeo. *Cyanea* ni mmea wa Hawaii na yavuyavu wa baharini. *Dracunculus* ni mmea wenye ua kubwa la zambarau, na pia ni mnyoo wa Guinea anayetoka kwenye ngozi ya binadamu, jambo ambalo anayepanga nyaraka za afya hapaswi kulichukulia wepesi. *Bacillus* nayo ni bakteria na pia ni mdudu mwenye umbo la kijiti.

Onyo kuhusu herufi moja. *Bougainvillea* ni ua linalopanda kutani. *Bougainvillia* ni kiumbe mdogo wa baharini wa jamii ya haidrozoa. *Corydalis* ni mmea na *Corydalus* ni mdudu mkubwa mwenye taya ndefu. Majina haya hayafanani kikamilifu, kwa hiyo sajili haitayaonyesha kuwa pacha, lakini programu inayosahihisha tahajia kwa kukisia itageuza moja kuwa jingine bila kukuuliza. Zima usahihishaji huo kabla ya kuendelea.

Dalili ya mafanikio: una orodha fupi ya jenasi zilizopakwa rangi. Zilizobaki unaweza kuzishughulikia kwa njia yako ya kawaida.

## Hatua ya 4: Soma jina la mwandishi

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi kwa kuwa majina ya watu yanayofuata jina la kisayansi huonekana kama mapambo. Mapambo hayo ndiyo yanayoeleza ni kanuni ipi iliyotumika.

Wanazuolojia huandika jina kamili la mwandishi, mkato, kisha mwaka: *Ficus variegata* Röding, 1798. Huyo ni konokono. Wanabotania hufupisha jina la mwandishi na kwa kawaida hawaweki mwaka: *Ficus variegata* Blume. Huo ni mti. Maneno mawili ya kwanza hayana tofauti hata ya herufi moja, na kila mmoja ni halali kwa kanuni zake.

Angalia pia mabano. Kwa wanyama, mabano huzunguka mwandishi wa kwanza pale spishi ilipohamishwa kutoka jenasi yake ya awali, na aliyeihamisha hatajwi. *Pieris rapae* (Linnaeus, 1758) ni kipepeo ambaye Linnaeus, mwanasayansi aliyeasisi mfumo huu wa majina, alimweka kwanza katika *Papilio*. Kwa mimea, mwandishi wa kwanza huwa ndani ya mabano na aliyehamisha hufuata nje yake: *Pieris japonica* (Thunb.) D.Don ex G.Don ni kichaka ambacho Thunberg alikiita *Andromeda japonica*. Kwa hiyo ukiona jina la mtu nje baada ya mabano kufungwa, elekea upande wa mimea. Neno «ex» kati ya majina mawili nalo ni la kawaida zaidi upande huo.

Linnaeus mwenyewe aliwapa majina mimea na wanyama, kwa hiyo kumwona yeye peke yake hakutoshi. Katika mimea huandikwa «L.» na katika wanyama «Linnaeus» pamoja na mwaka. Majina ya mimea huanza kuhesabiwa mwaka 1753 na ya wanyama mwaka 1758, hivyo jina lenye mwaka 1753 haliwezi kuwa la mnyama. Isipokuwa buibui: kazi ya Clerck huandikwa mwaka 1757, nayo inakubalika kwa kibali maalumu cha kanuni za wanyama.

Kuna ishara nyingine tatu ndani ya jina lenyewe:

Jina linalojirudia. Kanuni za mimea hazikubali jina la spishi liwe sawa na la jenasi. Za wanyama zinakubali. *Oenanthe oenanthe* kwa hiyo lazima awe mnyama, naye ni ndege mdogo, ingawa *Oenanthe* ni jenasi ya mimea pia.

Vifupisho vya daraja. Ukikuta «subsp.», «var.» au «f.» katikati ya jina, karibu kila mara uko upande wa mimea au kuvu. Wanyama huandikwa maneno matatu mfululizo bila kifupisho.

Jinsia ya Kilatini. *Morus* ya miti huchukuliwa kuwa ya kike, ndiyo maana tunaandika *Morus alba* na *Morus nigra*. Ya ndege ni ya kiume: *Morus bassanus*. Ishara hii husaidia pale tu neno la pili linapobadilika kwa jinsia; *Morus capensis*, ambaye ni ndege, hatoi dalili yoyote kwa njia hiyo.

Ishara hizi ni ushahidi wenye nguvu, lakini waandishi hawazifuati sawasawa. Wapo wanazuolojia wanaoandika «L.» na wapo wanabotania wanaoongeza mwaka. Kwa hiyo andika ulichokisoma kwenye safu ya mwandishi kama kilivyo katika chanzo, bila kukipamba, kisha utafute ushahidi wa pili katika hatua inayofuata.

Dalili ya mafanikio: kila jina lililopakwa rangi lina mwandishi aliyenakiliwa kutoka kwenye chanzo, si kutoka kwenye matokeo ya kwanza ya utafutaji. Kunakili mwandishi kutoka kwenye matokeo ya utafutaji ni kuchagua jibu kabla ya kuuliza swali.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwa familia

Familia za wanyama huishia kwa *-idae*, na za mimea, mwani na kuvu kwa *-aceae*. Ndege *Morus* yuko Sulidae na mforsadi uko Moraceae. Mfano bora zaidi ni *Asterina gibbosa*, jina la kiti cha pweza na la kuvu pia, kwa sababu familia zao zimetokana na neno lile lile: Asterinidae na Asterinaceae. Mwisho wa neno ndio unaowatenganisha.

Zipo tahadhari mbili. Mimea ina familia nane zenye majina ya zamani yanayoruhusiwa bado, kama Compositae, Gramineae na Palmae, ambayo hayana mwisho huo. Pia usitegemee *-inae*: kwa wanyama ni familia ndogo, lakini kwa mimea mwisho huo huo hutumika kwa daraja lililo chini ya kabila (kundi dogo ndani ya familia).

## Hatua ya 6: Linganisha na hifadhidata ukiwa umefungia himaya

Sasa pitisha majina kwenye hifadhidata. Huduma ya GBIF ya kulinganisha majina hupokea himaya na familia pamoja na jina, kwa hiyo peleka vyote ulivyo navyo, pamoja na mwandishi. Ukipeleka maneno mawili tu kwa jina pacha, mfumo hauna msingi wa kuchagua: unaweza kukurudishia ngazi ya juu zaidi, au kukosa jibu. Jibu la namna hiyo si hitilafu, na usilazimishe lingine kwa kubofya la kwanza linaloonekana.

Kila jina likipata rekodi yake katika hifadhidata, nakili utambulisho wake kwenye safu ya tano. Utambulisho huo ndio utakaotumia baadaye kuunganisha majedwali na kuondoa marudio. Maneno mawili hayafai kamwe kwa kazi hiyo.

Usidhani kwamba WoRMS inarudisha wanyama pekee, kwani mwani umo pia. *Eisenia* ni mwani mkubwa wa kahawia wa baharini, na pia ni mnyoo wa udongo anayetumika kutengeneza mboji. Ukitafuta mnyoo wako huko, unaweza kuondoka na mwani.

Dalili ya mafanikio: ukipanga lahajedwali kwa himaya, kisha kwa familia, huoni *-idae* yoyote chini ya mimea wala *-aceae* yoyote chini ya wanyama. Hapo ndipo unaporuhusiwa kuondoa marudio, ukilinganisha utambulisho wa hifadhidata.

## Hatua ya 7: Amua majina yaliyofanana kikamilifu na kukosa mwandishi

Yatabaki machache, nayo ni magumu kweli. Maneno yote mawili yanafanana na chanzo hakikutaja mwandishi wala familia. Hapa jina halina tena la kukuambia, na lazima uuchunguze ushahidi wa rekodi yenyewe.

*Agathis montana* ni rahisi. Mti huo hukua kiasili katika milima ya New Caledonia pekee, na mwenye jina hilo upande wa wanyama ni nyigu wa familia ya Braconidae. Rekodi ya porini ya nchi nyingine, iliyokusanywa kwa mtego wa wadudu, haiwezi kuwa mti.

*Gaussia princeps* hutenganishwa kwa kina. Mmoja ni mti wa jamii ya minazi unaoota kwenye vilima vya mawe ya chokaa nchini Cuba. Mwingine ni kopepodi, kiumbe mdogo anayeelea katika bahari yenye kina na kutoa mwanga. Rekodi yenye kina cha mamia ya mita na wavu wa planktoni imejieleza yenyewe. Mfuatano wa jeni la kimeng'enya cha mwanga ni wa kopepodi pia, na yeyote anayepanga data za jeni atumie namba ya utambulisho ya hifadhidata, asitegemee jina.

*Ficus variegata* ndiyo inayowaangusha wengi, kwa sababu mahali hapasaidii. Mti hupatikana katika Asia ya kitropiki hadi Australia, na konokono huishi katika bahari zinazozunguka maeneo hayo hayo. Nukta ya ramani iliyo ukingoni mwa pwani inaweza kuwa ya yeyote kati yao. Angalia vipimo: urefu kwa mita au unene wa shina ni wa mti, na urefu kwa milimita ni wa gamba. Angalia mkusanyiko ulikotoka: hifadhi ya mimea iliyokaushwa haipokei magamba. Kama kuna picha, tini zinazoota moja kwa moja kwenye shina humaliza shauri.

Ikiwa hata baada ya hayo hakuna ushahidi, andika «haijaamuliwa» katika safu ya himaya na uiache rekodi hiyo nje ya hesabu zako. Najua inauma kuacha data. Lakini mti uliohesabiwa kuwa konokono huharibu hesabu mbili kwa wakati mmoja, na rekodi iliyoachwa wazi bado inaweza kuokolewa na mwenye chanzo bora.

## Hatua ya 8: Andika jina ili mwingine asipotee

Popote jina pacha linapotajwa kwa mara ya kwanza katika ripoti, liandike pamoja na mwandishi na familia: *Ficus variegata* Röding, 1798 (Ficidae), au *Ficus variegata* Blume (Moraceae). Baadaye unaweza kutumia maneno mawili tu. Kwenye lebo na majina ya mafaili ya picha, ambako nafasi ni ndogo, weka familia na uache mwandishi, kwa kuwa msomaji asiye mtaalamu huielewa haraka zaidi.

Kuwa mkali zaidi pale orodha inapotumika kuonya watu. *Oenanthe crocata* ni mmea wenye sumu inayoua. Mwongozo wa mimea ya sumu wenye picha ya ndege mahali pa mmea huo umemnyima msomaji kitu pekee alichokifuata.

## Jaribio la mwisho

Chukua majina yote yaliyopakwa rangi katika hatua ya tatu, ufiche safu ya jina la kisayansi, kisha umpe mtu asiyeijua orodha yako. Mwombe aseme kila mstari ni mmea, mnyama, kuvu, mwani au bakteria kwa kutumia safu zilizobaki tu. Akiweza kujibu yote, isipokuwa yale uliyoyaandika «haijaamuliwa», orodha iko tayari kutumika. Akisita mahali, rudi kwenye chanzo cha mstari huo na uanze tena kwa mwandishi.